Picha za Wanyama wa Entebbe: Zina Faida Gani?

Wengi wenu mliokuja Siku ya Wazazi muhula uliopita mliiona picha ya simba iliyotundikwa kando ya mlango wa maktaba. Picha hiyo niliipiga mimi. Ilipata zawadi ya kwanza katika maonyesho ya Chama cha Wapiga Picha, nami sifichi kwamba nilijivuna sana. Chini yake niliandika maneno mawili tu, "Mfalme Huru." Simba amelala juu ya jiwe, kichwa ameinua, jua la asubuhi limempiga ubavuni, na nyuma yake ni majani marefu. Mtu angedhani nilivizia siku tatu katika nyika ya Kidepo. Kumbe nilikuwa Entebbe katika bustani ya wanyama, pamoja na wenzangu 30, na basi la shule likitungoja nje.

Mchana alikuja mzee mmoja, baba yake mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza. Kwao ni kandokando ya mbuga ya Queen Elizabeth, nao ni wafugaji. Alisimama mbele ya picha kwa muda mrefu kuliko wageni wengine, mikono nyuma. Nilimwendea nikamwamkia, maana nilitaka anisifu.

"Ni wewe uliyempiga picha huyu, mwanangu?"

"Ni mimi, mzee."

"Ulimkuta wapi?"

"Entebbe, mzee, kwenye bustani ya wanyama."

Akaisogelea picha mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Mbona sioni waya?"

Nikamweleza kwa furaha jinsi nilivyoziondoa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi umeondoa kitu kile kile ambacho sisi kwetu hatuna. Kati ya simba na ng'ombe wangu hakuna waya." Akanishika mkono, akanishukuru, akaenda kunywa chai pamoja na wazazi wengine.

Neno hilo halijanitoka moyoni tangu siku ile, nalo ndilo linalonifanya nimwombe Mhariri nafasi hii.

Kwanza niwaeleze wasiojua jinsi waya zinavyopotea, kwa sababu jambo lenyewe si uchawi. Ukisimama mbali na uzio, kamera huziona waya vizuri kuliko imwonavyo mnyama. Lakini uzio ukiwa mahali ambapo mgeni anaruhusiwa kuusogelea, na mnyama akiwa mbali upande wa pili, waweza kuiweka lenzi karibu kabisa na waya, ukafungua tundu la lenzi kadiri linavyoweza kufunguka, ukamlenga mnyama machoni. Hapo waya huwa kama ukungu, na mara nyingi haionekani kabisa. Baadaye unakata pembeni mwa picha, unaondoa bakuli la maji na ukuta wa saruji. Bruda anayetufundisha biolojia alitufundisha hayo kwa nusu saa, naye hakukosea. Ufundi ni ufundi. (Wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza wasije wakavuka kizuizi ili kuufikia uzio. Kizuizi kimewekwa kwa ajili ya vidole vyao.)

Sasa, mwenzangu mmoja alisema katika mdahalo wetu kwamba picha zote za bustani za wanyama ni uongo, na kwamba atakaye kuwasaidia wanyama wa porini na aende porini awapige picha huko. Alipigiwa makofi mengi. Mimi sikukubaliana naye siku ile, na leo sikubaliani naye, ingawa neno la mzee limenitia haya.

Ni rahisi kusema, "Nenda porini." Ni nani kati yetu aliyekwenda Kidepo? Niliuliza bwenini kwetu, nikapata wawili, na mmoja wao baba yake ni askari wa wanyama. Kwa wengi wetu fedha ya safari hiyo ni ada ya muhula. Wageni kutoka Ulaya na Marekani huja wakarudi kwao na picha za simba wetu wapandao miti kule Ishasha, na sisi tuliozaliwa katika nchi hii tunawajua simba kwa kuwaona kwenye kalenda. Entebbe ndipo mahali ambapo mtoto wa Kampala, au mtoto wa shule ya kijijini aliyeletwa kwa lori, humwona kwa mara ya kwanza mnyama wa nchi yake. Mahali pale palianzishwa mwaka 1952 kwa ajili ya kulea wanyama yatima na walionyang'anywa watu, na mwaka 1994 pakageuzwa kuwa kituo cha elimu. Hata leo wengi waliopo pale si wanyama waliokamatwa ili watazamwe. Ni wale waliofika wakiwa hawana mama, au wana jeraha, au walikutwa ndani ya gunia mpakani.

Tena kuna wanyama ambao hata ukienda kwao huwaoni. Mfikirieni yule ndege mkubwa wa kijivu wa kwenye vinamasi, mwenye mdomo kama kiatu cha mbao. Watu hupanda mitumbwi alfajiri katika kinamasi cha Mabamba kumtafuta, na siku nyingine hurudi bila kumwona. Entebbe alisimama mbele yangu, akanitazama kwa jicho moja kama mwalimu wa zamu, akainamisha kichwa na kugonganisha mdomo kwa kishindo. Nilimpiga picha 40. Yeye hakujali hata kidogo.

Uso ule ndio faida ya kwanza. Mtu haoni huruma kwa jina lililoandikwa katika orodha. Yuko Mmarekani mmoja, Joel Sartore, aliyelielewa jambo hili vizuri. Mwaka 2006 alianza kupiga picha wanyama wa bustani moja karibu na nyumbani kwake, katika mji wa Lincoln jimbo la Nebraska. Mkewe alikuwa mgonjwa wa saratani, naye asingeweza kusafiri mbali kama alivyozoea. Mnyama wake wa kwanza hakuwa simba wala tembo. Alikuwa fuko yule asiye na manyoya, ambaye kwao ni Kenya, Somalia na Ethiopia, mnyama mwenye sura ya kidole kilichokaa majini siku nzima. Tangu hapo amezunguka bustani na makimbilio ya wanyama duniani kote, na amepiga picha aina zaidi ya 15,000. Kila mnyama humweka mbele ya pazia jeusi au jeupe, ili fuko na tembo wawe na ukubwa mmoja machoni pa mtazamaji. Hapana majani, hapana anga, na waya pia hazionekani.

Hapo ndipo mwenzangu wa mdahalo atasema, "Basi naye anaficha." Mimi nasema hapana. Pazia jeusi halimdanganyi mtu. Hakuna asadikiye kwamba twiga anaishi mbele ya pazia. Na chini ya picha zake huandikwa jina la mnyama na bustani alikopigwa picha. Mimi nilitafuta majani marefu makusudi ili bustani ionekane kuwa pori, kisha nikaandika "Huru." Kosa langu lilikuwa hilo, wala halikuwa la lenzi.

Tena picha kuwapo tu haitoshi. Katika miaka ya 1863 hadi 1870 wapiga picha wawili, Frank Haes na Frederick York, walimpiga picha kwaga jike katika bustani ya wanyama ya London. Kwaga alikuwa punda milia wa Afrika Kusini, mwenye milia kichwani na shingoni tu, na nyuma rangi ya udongo. Zinajulikana picha tano tu, zote za jike yule yule, na hakuna kwaga mwingine aliyepigwa picha akiwa hai. Nimezitazama kitabuni. Amesimama kando ya ukuta, ametulia, ameshiba. Ni picha nzuri. Nani katika London angeitazama akafikiri kwamba wakati huo huo Makaburu walikuwa wakiwamaliza wenzake kwa bunduki, kwa ajili ya ngozi na malisho? Jike yule alikufa mwaka 1872. Wa mwisho alikufa katika bustani ya Amsterdam tarehe 12 Agosti 1883, na watu hawakutambua hata kwamba alikuwa wa mwisho. Hakukosekana mpiga picha. Alikosekana wa kuandika chini ya picha yale yaliyokuwa yakitukia kwao.

Sisi Waganda na majirani tusiwacheke watu wa London. Vifaru weupe wa kaskazini waliishi kwetu, magharibi ya mto Nile. Mwaka 1961 na tena 1964 baadhi yao walihamishiwa mbuga ya Murchison ili walindwe, na kabla miaka ya 1980 haijafika katikati wote walikuwa wamekwisha kuuawa nchini. Walibaki wachache katika Kongo na Sudan, na wengine katika bustani ya Dvůr Králové, nchi ya Cheki. Sartore alikwenda huko Julai 2015 akampiga picha kifaru jike aitwaye Nabiré, mzee na mgonjwa, amelala chini. Mwezi huo huo, tarehe 27, Nabiré akafa. Dume wa mwisho, Sudan, aliyekuwa amerudishwa Afrika mwaka 2009 akawekwa Ol Pejeta, Kenya, alikufa tarehe 19 Machi 2018. Wamebaki majike wawili, Najin na bintiye Fatu. Mimi nina miaka 19. Wakati Sudan alipokuwa hai nilikuwa mtoto wa shule ya msingi hapa jirani, na hakuna aliyenionyesha picha yake wala kuniambia kwamba hao ndio vifaru waliokuwa wakila majani ya nchi yetu. Walijua watoto wa Cheki.

(Wale walio Ziwa, wilaya ya Nakasongola, ni vifaru weupe wa kusini. Walianza kuletwa mwaka 2005, wanne kutoka Kenya, kisha wawili kutoka bustani moja ya Florida. Ndama wa kwanza alizaliwa mwaka 2009, baba akiwa wa Kenya na mama wa Marekani, basi wakamwita Obama. Kwa hiyo mnyama wa bustani pia aweza kurudi porini, ama karibu na porini, kama kuna watu wanaotaka arudi.)

Nije kwenye jambo litakalowaudhi baadhi ya rafiki zangu, nalo ni sokwe. Kila safari ya Entebbe yuko anayetaka apigwe picha na sokwe nyuma yake, au amwigize, na angeruhusiwa angempakata. Likizo zikifika, simu zikirudi mikononi mwetu, picha hizo hutumwa kila mahali. Nauliza, aitazamaye anajifunza nini? Wataalamu wa bustani ya Lincoln Park, Chicago, walilichunguza jambo hili wakatoa habari zake mwaka 2011. Waliwaonyesha watu picha za sokwe, nyingine peke yake, nyingine amesimama karibu na mtu. Walioona sokwe pamoja na mtu walikuwa wepesi zaidi kudhani kwamba sokwe porini hawana shida, na wepesi zaidi kumtamani awe mnyama wa kufugwa nyumbani. Hata mwaka 2021 wataalamu wa nyani na sokwe wa shirika la kimataifa la kuhifadhi mazingira walitoa mwongozo kuwashauri wanasayansi na watunzaji wenyewe wasitangaze picha wakiwa wamewashika. Mtunzaji anampakata sokwe yatima kwa sababu mama yake ameuawa. Picha haisemi hivyo. Picha yasema, "Tazama, anapenda kubebwa."

Na hapo ndipo sokwe wetu wanapoponzwa. Katika msitu wa Budongo wako sokwe wengi walio na viganja vilivyokatika au vidole vilivyopinda, kwa sababu ya tanzi za waya zilizotegewa paa na nguruwe pori. Mtegaji hakumtaka sokwe, lakini tanzi haiulizi jina. Ningekuwa mimi, ningepiga picha mkono. Mkono wa sokwe wa Entebbe ulio mzima, mistari yake ya kiganjani inaonekana, kucha kama zetu. Na chini ningeandika waya wa baiskeli unaweza kuufanya nini. Picha ya namna hiyo huwezi kuipiga porini, hawakai karibu hivyo. Bustanini waweza.

Narudi kwa mzee wangu. Picha yangu ilimwambia nini? Ilimwambia kwamba simba ni mfalme, naye huru. Hilo alilijua kabla sijazaliwa, na amelilipia kwa ndama. Aprili 2018 simba 11, majike watatu na watoto wanane, walikufa kwa sumu karibu na kijiji cha Hamukungu, ndani ya Queen Elizabeth. Machi 2021 wengine sita walikutwa Ishasha wamekufa, viungo vimekatwa. Sisi tulioko mjini tukisikia habari kama hizo husema, "Watu wabaya!" kisha tunakwenda kula. Sisemi kwamba kutia sumu ni halali. Nasema kwamba mtu aliyepoteza ng'ombe watatu, akionyeshwa picha ya simba mnene juu ya jiwe na kuambiwa "mpende," anaona anatukanwa. Sheria ya mwaka 2019 yasema asilimia 20 ya ada za kuingilia mbugani ziwaendee majirani wa mbuga, na imeweka pia utaratibu wa fidia. Uzio wa umeme umeanza kujengwa mahali pengine. Basi kwa nini picha zetu zisiseme habari hizo, mzee akajua aende ofisi gani, na mtoto wa Kampala akajua kwamba simba wake analindwa kwa hasara ya mtu mwingine?

Wiki iliyofuata niliomba ruhusa nikaliondoa lile neno "Huru." Nilikuwa na picha ya pili ya simba yule yule, niliyoiharibu kabla sijajifunza vizuri, waya zimeonekana wazi kabisa, na simba ni ukungu nyuma yake. Nimeitundika kando ya ile ya kwanza. Chini ya zote mbili nimeandika, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili: "Simba, bustani ya wanyama ya Entebbe. Huyu huletewa nyama na uzio unamzuia. Ndugu zake wa Queen Elizabeth hujitafutia, na hakuna uzio kati yao na ng'ombe wa jirani zetu." Rafiki zangu wawili wamesema nimeiharibu picha yangu, na kwamba zawadi ningeirudisha. Labda. Lakini zamani watu walipita mbele yake wakisema "Ah, simba," wakaenda zao. Siku hizi naona wanasimama na kusoma, na wakati wa mapumziko Kidato cha Pili hubishana hapo juu ya fidia mpaka kengele ilie. Wengine hucheka tu ile picha yenye waya.

Chama chetu kimechagua picha 12 za Entebbe. Kuna sokwe, kasuku wa kijivu, yule ndege wa kinamasi, kifaru, chui na wengine. Kila moja imeandikiwa mnyama alipopigwa picha, kwao ni wapi, na kinachowamaliza wenzake ni nini. Kasuku alitupa kazi kubwa, kwa sababu tangu Januari 2017 biashara ya kasuku waliokamatwa porini imekatazwa baina ya nchi, na bado kila mtu anamjua jirani aliye naye ndani ya kizimba. Mmoja wetu aligundua kuwa ni shangazi yake, akaomba asiwe yeye wa kuandika.

Tulitaka kwanza kuzitundika Kampala. Sasa nashauri, na Bruda amekubali, zisitundikwe Kampala. Shule za mjini wana basi, na waende Entebbe wenyewe. Picha hizi ziende Hamukungu, Masindi, Buliisa, mahali ambapo mnyama hupita usiku shambani. Kwa hiyo wanafunzi wa zamani mnaofundisha au kufanya kazi huko, hatuwaombi fedha kwanza. Tunaomba ukuta. Mtuandikie kwa anwani ya gazeti hili mkituambia kama ni ukuta wa shule, wa zahanati au wa baraza la kijiji, kama mvua huingia, na watu wa hapo husoma lugha gani, ili maandishi tuyageuze kabla ya kuyachapa. Kwa kijiji cha yule mzee hatuhitaji barua. Mwanawe amekwisha kuandika maelezo ya simba kwa lugha ya kwao, na amenikatalia nisibadilishe hata neno moja.